Filimbi ya Fundi Viatu

Harufu ya dawa ya viatu ikinifika puani, mie hasira hunipanda hata leo. Namwona fundi viatu wa mtaani kwetu Temeke, Mzungu fukara kutoka Slovakia, na nyuma yake ukutani picha ya timu ya mji wao.

Watoto tulijazana barazani kumsikiliza. Timu hiyo ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi, ikacheza kwenye theluji, ikatwaa kombe mara mbili. La tatu waliporwa. Refa, mtoto wa mji wao wenyewe, alikataa goli lao halali, na jioni matajiri wa timu pinzani wakamkaribisha mezani. Akifika hapo fundi alikuwa akilia, nasi tukilia naye.

Basi timu yetu ilipokutana na timu ya maofisa Wazungu wa serikali ya kikoloni kwenye fainali, baba, nahodha wetu, ndiye aliyeomba fundi ashike filimbi. "Huyu Mzungu ni wetu," alisema.

Mwishoni baba alifunga. Fundi akapuliza: eti kaotea! Uwanja mzima uliona hakuotea.

Magharibi tulimwona kwenye baraza ya klabu ya Wazungu, ambako siku zote walikuwa wakimzuia mlangoni. Amekalia kiti, bilauri mkononi.

Kesho yake baba alikwenda kibandani kwake, mie nyuma.

"Karibu nahodha, karibu ukae!"

Baba hakukaa. Aliitazama ile picha.

"Fundi, yule refa wenu, mlikuja kumsamehe?"

Fundi aliinama, akazidi kukipaka dawa kiatu kilichokuwa kimeshang'aa.