Kengele ya Saa Nne na Nusu

Saa nne na nusu kasoro dakika moja asubuhi, mwanangu, nilikuwa nimesimama kwenye kona ya ofisi ya shule, macho kwenye saa, kipande cha nondo mkononi. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Nikangoja ile dakika moja iishe. Kisha nikagonga kwa fahari, kama mgeni rasmi anayezindua daraja.

Nakumbuka asubuhi ile kila ninaposikia kijana amekabidhiwa shule. Juzi nimesikia nawe umekabidhiwa, huko upande wa Bukombe, na kwamba umeshaanza kupanga ratiba. Vizuri. Basi kaa kidogo unisikilize kabla hujaibandika ukutani.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja nilipopewa shule ya msingi upande wa Mwakitolyo. Jina lake naliacha. Uongozi sikuusomea chuoni. Nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mtumba nilivyonunua kimoja kimoja sokoni Shinyanga, nikavisoma kalamu mkononi, nikipiga mstari chini ya kila sentensi iliyotaja muda. Nilipofika shuleni, kwa wiki mbili nilitembea na daftari nikiandika kila dakika inakokwenda. Niliona kwamba mapumziko yalianza saa nne kamili, lakini uji haukuwa tayari hadi saa nne na robo. Watoto walisimama na vikombe vitupu. Kisha saa nne na nusu kengele ya kuingia ililia wakati wengine ndiyo kwanza wanakunywa, na kipindi kilichofuata kikaanza na nusu ya darasa.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Mapumziko yasogee mbele: yaanze saa nne na nusu, yaishe saa tano kasoro dakika kumi. Uji uwe tayari, na watoto wasome kichwa kikiwa bado chepesi. Ilikuwa ratiba nzuri. Hata leo naitetea.

Mwalimu Ester, msaidizi wangu, aliisoma mara mbili kisha akauliza, "Mwalimu mkuu, kijijini wanajua?"

Nikamjibu, "Ratiba ni ya shule, si ya kijiji."

Weka jibu hilo akilini, mwanangu. Nilikuwa na lingine la namna hiyo hiyo. Siku ya makabidhiano, Mwalimu Luhende niliyempokea shule, mzee aliyekuwa anastaafu kwenda kwao Ibadakuli, alinisainia faili la madawati, vitabu na funguo. Akasema, "Lala hapa leo. Kesho tuzunguke kijijini, nikuoneshe watu." Bodaboda wangu alikuwa nje anangoja. Nilitazama saa. Nikamwambia, "Mwalimu, hayo mengine tutaongea kwa simu." Nilijiona nimeokoa siku nzima. Waliosema kuuliza si ujinga hawakunitaja kwa jina, lakini wangeweza.

Basi Jumatatu ile, siku ya kwanza ya ratiba mpya, nikagonga kengele saa nne na nusu. Watoto wakamwagika nje. Darasa la nne, ambao ilikuwa zamu yao ya maji, wakachukua ndoo na kupanga foleni kwenye kisima cha pampu. Hatua kama mia kutoka kisimani kulikuwa na duara, ndivyo wanavyoita huku shimo la wachimbaji wadogo. Shule ilitangulia, duara likafuata, maana dhahabu haiulizi mpaka wa shule.

Nikasikia kitu cha ajabu. Karasha, zile mashine za kusaga mawe ambazo hunguruma kutwa, zilikuwa zimenyamaza zote kwa pamoja. Nilidhani ni bahati njema. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba hata mashine zimeiheshimu ratiba yangu.

Baada ya muda mtu mmoja alivuka uwanja wa shule akija ofisini. Alikuwa na tope toka kichwani hadi miguuni, na alitembea polepole mno. Nilimfahamu kwa sura: Baba Shija, fundi baruti wa lile duara la kisimani, mtu wa umri wa baba yangu mdogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwalimu, watoto wanafanya nini nje?"

"Wako mapumziko."

"Mapumziko yameisha. Kengele ya kuingia imelia."

"Hapana, ile ilikuwa ya kutoka. Leo tumeanza ratiba mpya."

Alifungua mkono wa kushoto, akaweka juu ya meza vipande vitatu vya kamba nyeusi. Vilikuwa na ncha zilizoungua. Aliviweka juu ya ratiba yangu hasa.

"Na mimi nina ratiba," akasema. "Mzee Luhende hakukwambia?"

Akanieleza akiwa amesimama. Miaka mingi nyuma, wenye maduara na Mwalimu Luhende walikubaliana kwa mdomo: asubuhi baruti haitalipuliwa hadi kengele ya saa nne na nusu ilie, watoto wakishaingia madarasani. Fundi baruti hashuki na simu shimoni, anasikiliza rimu. Kengele ikilia, karasha zinazimwa ili kila mtu asikie onyo, tambi, yaani zile kamba za kuwashia baruti, zinawashwa, mwamba unapasuka. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

"Kengele ya saa nne sikuisikia," akasema, "nikadhani karasha zimeimeza. Hii nyingine nikaisikia. Nikawasha zote tatu. Nikapanda juu. Sasa, mwalimu, kila siku baada ya kengele hiyo kelele za watoto zinashuka. Leo zimepanda. Nikasema, hii siyo."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi chini."

Alisema hivyo kama mtu anayekwambia alisahau kofia akarudi kuichukua. Nikatazama mkono wake wa kulia, aliokuwa ameuficha nyuma. Kiganja kilikuwa kimeungua kwa mistari mitatu. Tambi mbili alizikata kwa kisu. Ya tatu kisu kilimponyoka, akaing'oa kwa mkono. Shimo lile lilikuwa na kina cha watu wanne waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwingine. Na watoto wake mwenyewe hawakusoma kwangu. Walikuwa Samuye kwa bibi yao.

Nilikaa. Kwa dirisha niliwaona darasa la nne wakimwagiana maji kisimani, wakicheka.

"Nisamehe," nikasema. "Sikujua kwamba kengele ya shule..."

"Ya shule?" Akatikisa kichwa. "Kengele hii ni ya nani, mwalimu? Ya kwako hii?" Kisha sauti yake ikalainika, akaingiza Kisukuma chake. "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "kesho rudisha saa ya zamani, mpe mtu mwingine agonge. Wewe panda kwenye yale mawe makubwa nyuma ya shule. Usifanye kitu. Sikiliza tu."

Jioni nikampigia Mwalimu Luhende. Aliponisikia alisema neno moja tu kabla sijaeleza: "Nilikuwa nakungoja."

Kesho yake saa nne na robo nilikuwa juu ya mawe. Sikuwa nimewahi kukaa robo saa bila kuandika kitu, mwanangu, na mikono yangu haikujua iende wapi. Chini yangu kijiji kizima kilikuwa kinanguruma na kutimua vumbi. Saa nne na nusu Mwalimu Ester akagonga rimu.

Sijui nikuelezeje. Karasha zikazima moja baada ya nyingine, kama taa za nyumba kubwa. Akina mama waliokuwa wanapepeta mchanga wa dhahabu wakanyanyua karai zao wakasogea nyuma, bila hata mmoja kusema neno. Mchungaji mmoja kule barabarani akawasimamisha ng'ombe wake wote, nao wakasimama kama waliozoea. Mama lishe akatoka kibandani, akafunika sufuria ya wali, akaangalia juu kuona jua lilipo. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni kwake akatoa vidonge mfukoni, akameza, akarudisha pakiti. Baadaye nilijua ni dawa zake za presha. Hakuwa na saa nyingine. Kisha kukawa kimya. Ndani ya kimya kile, kutoka madarasani, zikaja sauti za watoto wangu wakiimba jedwali la saba. Saba mara sita. Saba mara saba. Kila mtu pale chini alikuwa anazisikiliza. Walikuwa wanahakikisha. Ndipo Baba Shija akapaza sauti ya onyo, na ardhi ikatikisika chini ya makalio yangu.

Nilibaki nimekaa hata vumbi lilipotulia. Wiki mbili nzima nilikuwa nimepima dakika za mahali pale kwa daftari, na sikuwa nimeona hata moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ni ya watu wa pwani, lakini hata sisi tusio na bahari tunaelea juu ya kitu ambacho wenzetu walikiunda.

Habari ilisambaa, na kijiji kikaitisha mkutano. Sitakudanganya, niliogopa. Wazazi kadhaa walikuwa wameshatamka kwamba watawahamisha watoto, na shule inayokimbiwa haina mkuu. Kichwani nilikuwa na hotuba iliyotafuta mahali pa kupachika lawama: makabidhiano hayakutaja, hakuna maandishi, na kadhalika. Yote yalikuwa kweli. Niliposimama, mchimbaji mmoja akapiga kelele toka nyuma, "Mwalimu Dakika! Leo saa yako inasemaje?" Watu wakacheka. Mama mmoja akadakia, "Muacheni, ameshikwa na homa ya saa!"

Nikangoja wamalize kucheka. Kisha nikasema, "Kosa ni langu. Nilibadilisha muda wenu bila kuwauliza. Mwalimu Luhende alitaka kunizungusha kijijini, nikakataa kwa kuwa nilikuwa na haraka. Baba Shija amelipia haraka yangu kwa kiganja chake."

Hakuna aliyecheka. Nami, kwa kuwa sikuwa na kitu tena cha kuficha, nikaona sauti yangu imetulia kuliko siku zote. Nikaendelea: "Lakini watoto wanasimama na vikombe vitupu kila siku. Hilo nalo ni kweli. Nisaidieni."

Tulizungumza wiki tatu. Nilitembea kila duara, kila karasha, kwa mama lishe, kwa wachungaji. Mwishowe ratiba yangu ikapita, ile ile, dakika kwa dakika. Tofauti ilikuwa hii: kengele ya kuingia ikagongwa mapigo tisa, isichanganywe na ya kutoka, na baruti ikahamia saa tano kasoro dakika kumi, huku kila mtu, mpaka yule mzee wa vidonge, akijua. Hakuna mtoto hata mmoja aliyehamishwa. Jina la Mwalimu Dakika, hilo halikuondoka. Naitwa hivyo hadi leo.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu, usije ukasema nilizunguka mbuyu.

Panga muda wako, tena upange kwa kalamu. Kiongozi asiye na ratiba huongozwa na kila anayebisha hodi. Lakini kabla hujagusa kengele, ujue ni akina nani wanaisikiliza. Aliyekutangulia akikuomba siku moja, mpe mbili. Kila wiki tenga saa za kutembea bila ajenda. Mimi natembea Alhamisi baada ya vipindi, na saa hizo ndizo za mwisho ninazokubali kuzifuta. Usimkwepe msaidizi anapokuuliza swali lisilokupendeza. Mwalimu Ester aliniuliza swali moja lililokuwa na thamani kuliko rafu yangu nzima ya vitabu. Na usitafute kujiamini mahali pasipo na makosa. Nilikuwa nasimama wima nikidhani sijakosea, na nilikuwa natetemeka ndani. Siku niliyosema "kosa ni langu" ndiyo siku ya kwanza nilipoiongoza shule.

Mungu akupe jicho la kuona dakika na sikio la kusikia zinamwangukia nani. Akupe walimu wa kukuuliza. Watoto wako waingie darasani salama na watoke salama, na siku ukikosea, asikose mtu wa kurudi chini kwa ajili yako.

Baba Shija yupo. Tukikutana ananipa mkono ule ule wa kulia, nami huisikia mistari mitatu. Miaka kadhaa baadaye nilikaa nikapiga hesabu ya kile alichoacha kiharibike asubuhi ile: baruti iliyobaki ikalowa kwenye tope la shimo, kukodi mashine ya kutobolea mwamba, ujira wa siku wa watu tisa. Ilikuwa shilingi laki tatu na elfu arobaini. Hajawahi kuitaja.