Tairi la majani ya mpunga

Fundi baiskeli hapa Kibaoni amefungua gundi ya pancha, na harufu yake imenirudisha utotoni. Shule niliishia njiani, lakini siku ile ya msafara wa baiskeli naikumbuka. Mji mzima ulipanda baiskeli kwenda Kivukoni, kule mtoni, kwa pamoja, mapadri, wauza samaki, hata mama mmoja na kuku wake kwenye kapu, sijui alikuwa anawapeleka wapi. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na baiskeli moja, ya baba yake, tunapakizana.

Katikati ya mashamba, pancha! Watu wakapita wakicheka: "Nyie, sasa ibebeni kichwani!"

Nikalia, maana nyumbani nilishawatambia wote kwamba nitafika mtoni.

"Nyamaza bwana, okota majani," rafiki yangu akasema.

Tukatoa mpira wa ndani, tukashindilia majani makavu ya mpunga mpaka tairi likashiba. Lakini majani hayabebi wawili.

"Panda wewe, mimi nakimbia."

"Baiskeli si ya kwenu?"

"Panda, tutachelewa!"

Akakimbia pembeni yangu, miguu peku, njia nzima. Mungu ambariki popote alipo. Tulipofika mtoni watu wakanipigia makofi mimi, na yeye, huku anahema, akapiga kuliko wote.