Miswaki ya Kabati la Vioo

Harufu ya uji wa mahindi uliokolezwa sukari hunirudisha Nguba, mtaa wa Bukavu kando ya ziwa, kwenye shule ya watoto wadogo tuliyoiita gardienne, na kila mara hunipandisha hasira. Najua wenzangu wengi harufu za utotoni huwalainisha moyo. Mimi hunikaza taya. Uji ule ulikuwa mtamu kweli, mzito, wenye sukari ya bonde la Ruzizi iliyomiminwa bila huruma, kwa kuwa wazazi wetu, watu wa ofisi na wa parokia, walitaka kuona kwamba watoto wao wanalishwa vizuri. Tulilamba vikombe mpaka chini, kisha tukalazwa kwenye mikeka, sukari ikiwa bado imeganda kwenye fizi. Ziwa zima la Kivu lilikuwa chini ya dirisha letu, bomba lilikuwa uani, lakini hata funda moja la maji ya kusukutulia hatukupewa.

Na si kwamba tulikosa miswaki. Mwanzo wa mwaka kila mzazi aliagizwa alete mmoja, mzuri, wa dukani. Ilikuwa ya rangi zote, imesimamishwa ndani ya vikombe kwenye kabati la vioo, chini ya picha ya kiongozi wa nchi, na kabati lilifungwa kwa ufunguo. Mkuu wa shule, ambaye tulimwita Citoyenne, yaani mwananchi, kwa sababu neno madame lilikuwa limepigwa marufuku, alisema mswaki ukilowa unachakaa, halafu wageni watatuonaje? Basi miswaki ilitolewa wageni walipokuja tu. Enzi zile za Zaïre kila kitu kilichezewa ngoma, hata usafi wa kinywa. Tulipangwa barazani, ngoma ikapigwa, nasi tukaimba jinsi watoto wa taifa wanavyosugua meno, juu, chini, kushoto, kulia, mikono ikienda pamoja kama ya askari. Mswaki haukugusa jino la mtu. Tulisugua hewa! Wageni walipiga makofi, na kwa kazi nzuri kila mmoja wetu akapewa bonbon, peremende ya sukari tupu. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, lakini wageni wetu hawakuwahi kutuambia tufungue vinywa.

Mdogo wangu Zawadi alikuwa hodari kuliko sote katika ngoma hiyo. Alikuwa hajafikisha miaka mitano, ana sauti ya kengele, na kwa hiyo aliwekwa mbele. Mwaka ule meno yake ya mbele ya juu yalianza kuwa ya kahawia, kisha yakaingia weusi, kisha usiku akaanza kulia. Mama alimuuliza Citoyenne, akajibiwa kwamba hayo ni meno ya maziwa, yataanguka yenyewe. Alimuuliza baba, karani aliyevaa abakosti, lile koti la enzi hizo lisilo na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, naye akajibu vilevile, bila kuinua macho kutoka redioni. Koko, mama yake baba, alipokuja kutoka kijijini Kabare akataka kumsugua mtoto kwa kijiti chake cha kutafuna, akazuiwa: huo ni ushamba. Na hapo hapo tuliimba kila asubuhi kwamba tunarudi kwenye mila za mababu! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu hakuna aliyetaka kuuangalia ufa, kwa kuwa ulikuwa mdomoni mwa mtoto.

Asubuhi moja Zawadi aliamka mdomo wa juu umevimba, pua imesukumwa upande. Ilikuwa siku ya wageni, na baba akasema haifai akose. Citoyenne alipomwona alimtoa mstari wa mbele akamficha nyuma ya watoto warefu, lakini mswaki akampa. Ngoma ilikuwa imeshaanza pale mama alipopanda ngazi za baraza, kitenge cha kumbebea kikiwa begani. Alikuwa ameshindwa kukaa nyumbani. Alimkuta mwanawe analia bila sauti, mkono ukiendelea kusugua hewa. Mama akauchukua ule mswaki akauinua juu.

"Citoyenne, hii brosi nilinunua ya kinywa ya mutoto. Haiko ya kabati."

"Maman, tafazali, hapana mbele ya bageni. Meno ya maziwa itaanguka tu."

"Itaanguka, ndiyo. Na usaha nayo itaenda wapi? Huyu mutoto anaungua moto, na wewe unamuchezesha!"

Mgeni mmoja alikohoa. Mama akamfunga Zawadi mgongoni akashuka naye mpaka zahanati, nami nikimfuata mbio.

Meno yaling'olewa siku hiyo hiyo, homa ikashuka, nyumbani tukamshukuru Mungu. Lakini usaha ulikuwa umeshapanda juu, pale meno ya ukubwani yalipokuwa yanajiumba. Yalipochomoza yalikuwa na mashimo na madoa ya kahawia, na shuleni wakampa jina la Kutu. Zawadi akaacha kuimba. Akajifunza kucheka kiganja kikiwa mdomoni, kuzungumza hivyo, hata kuolewa hivyo: katika picha zote za harusi ameuma midomo kama mtu aliyekasirika. Nakasirika kwa niaba yake. Sukari walikuwa nayo, maji walikuwa nayo, miswaki walikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kusema kwamba kinywa cha mtoto ni kinywa.

Leo gardienne zimejaa Bukavu, zimepakwa rangi, zina katuni ukutani. Juzi nilimsindikiza Zawadi kwenye mkutano wa wazazi, maana mjukuu wake ameanza shule. Mzazi mmoja, kijana, aliomba watoto wasafishwe meno baada ya uji. Mwalimu, binti mwenye shahada, alitabasamu kwa upole: "Maman, ile ni meno ya maziwa tu. Itaanguka."

Zawadi akasimama. Akashusha mkono, akainua mdomo wa juu kwa vidole viwili, akageuka taratibu ili kila mzazi aone.

"Muangalie. Na mimi baliniambia ni ya maziwa."

Nami nilikuwa natazama pamoja nao, kwa kuwa tangu tukiwa wasichana hakuwahi kunionyesha meno hayo.