Gauni Lililokwenda Benki

Wifi yangu ana wivu, na simsingizii. Mimi ni dada wa mumewe, nimekula naye na kugombana naye tangu aolewe, kwa hiyo najua ninachosema. Ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka lake, na kila mwanamke aliyeingia kupimwa alipimwa mara mbili, kwa utepe kisha kwa jicho. Ukipendeza kupita kiasi, nguo yako itakuwa tayari siku ambayo kaka yangu yuko safarini na lori lake. Hata mimi, dada mtu, niliwahi kuulizwa kwa nini nampigia kaka simu saa za kazi.

Mteja mmoja tu ndiye aliyeachiwa mlango wazi. Tulimwita Kicheko, maana hakuweza kumaliza kusema jambo bila kucheka.

"Huyo ana adabu zake," wifi alikuwa akiniambia. "Haji kamwe mume wangu akiwepo."

Alimshonea gauni la kijani, mikono ya puto, vifungo vya kitambaa mgongoni. Mtindo aliubuni mwenyewe, akaapa hatamshonea mtu mwingine.

Basi kaka yangu, bila kumwambia mkewe wala mimi, akakopa benki kununua lori la pili, nyumba akaiweka rehani. Lori hilo likapinduka, marejesho yakamshinda. Siku moja dalali akaja na watu wa kuichungulia nyumba mpaka chooni, eti wanunuzi. Wifi aliwatoa mbio, mkasi mkononi, kisha akaja kwangu akalia hadi nikaishiwa maneno. Nusu ya matofali ya nyumba ile yametoka kwenye cherehani yake. Kaka alipobanwa alisema benki ndio wanajua, akavaa viatu akatoka.

Nikampeleka wifi kwa wakili mmoja mama, ana ofisi juu ya duka la magodoro, husaidia watu wenye kesi za nyumba na hawatozi wasio na kitu. Wifi akamkagua tangu viatu mpaka nywele, akaninong'oneza kuniuliza kama ameolewa. Nikamfinya. Wakili akauliza jambo moja tu.

"Mama, uliwahi kwenda benki na mumeo, ukakubali mbele ya ofisa nyumba iwekwe rehani?"

"Hiyo benki sijawahi kuikanyaga."

"Basi tulia. Nyumba mnayoishi haiwekwi rehani bila mke kukubali. Kaseme hivyohivyo mbele ya baraza la ardhi na nyumba, na mnada hautakuwepo."

Siku ya baraza kaka akapata safari, si unajua tena. Tukaingia bila yeye kwenye chumba chenye dirisha moja na feni iliyokufa, majirani wamejaza benchi la nyuma kuja kusikia. Ofisa wa benki akasimama, akasema mke alikuja mwenyewe, mume akamtambulisha, akasaini.

"Unamkumbuka?" wakili akamwuliza.

"Sura hapana, wateja ni wengi. Nakumbuka alicheka muda wote. Na gauni lake. La kijani, mikono ya puto, vifungo vya kitambaa mgongoni. Nilimwuliza fundi wake ni nani, nikamwambie mke wangu."

Nilimgeukia wifi. Midomo ilikuwa imemkauka. Kaka nilimlaani kimoyomoyo, lakini, Mungu anisamehe, nilifurahi pia. Nikajua kesi imekwisha: atasema hakuwa yeye, atamtaja mwenye gauni, na nyumba itabaki.

"Mama," mwenyekiti akauliza, "ni wewe uliyekwenda benki?"

Wifi akageuka akawatazama majirani, mmoja mmoja.

"Ni mimi," akasema. "Gauni nilishona mwenyewe."

Wakili akamshika mkono, akaomba wapewe nafasi wazungumze. Wifi akauchomoa mkono.

"Mimi ndiye mke wake. Angekwenda nani mwingine?"

Nje kwenye korido nilimvaa. "Wifi, una wazimu? Umeitupa nyumba hivihivi?"

"Ulitaka niseme nini?" akanijibu, machozi yanamlenga. "Kwamba siku kaka yako alipotakiwa kupeleka mke, alimpeleka yule?"

Nilikuwa na matusi tele tayari ya kumtukana. Badala yake nikamshika mkono, tukaondoka.

Nyumba ikauzwa. Sasa wamepanga chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, cherehani iko mlangoni. Kaka anaishi humo kimya kama mgeni aliyechelewa kuaga. Wifi hajamwuliza lolote, angalau mbele yangu.

Juzi nilikuwa pale namsaidia kukata nyuzi, mara Kicheko huyo. Amenenepa, amebeba mfuko.

"Dada fundi, nimekutafuta kote," akasema, anacheka. "Nipanulie hili, limenibana."

Akatoa lile gauni la kijani. Nikashika ukingo wa kiti, nikingoja mkasi uruke. Wifi akalipokea taratibu, akalikung'uta, akaingia ndani akalitundika kwenye msumari.

"Nije lini kulichukua?"

"Kuchukua nini? Gauni langu?"

"Lako vipi? Si ulinishonea mimi?"

"Nililivaa siku niliyokwenda benki na mume wangu," wifi akasema, anatunga uzi kwenye sindano. "Baraza limesikia, na hukumu imeandikwa. Kama ni lako, nenda kawaambie ulikwenda nalo wapi, na nani."

Kicheko alinitazama mimi, akatazama kule ndani lilikotundikwa. Hakucheka. Akachukua mfuko wake mtupu akaondoka, na wifi akaniambia nimsogezee kopo la vifungo.

Hajalivaa, wala halimtoshi. Liko palepale msumarini, linatazamana na kitanda, na kaka yangu akirudi safari huvulia viatu chini yake.