Mkono Wangu Ulipokwama Juu ya Tangi

Aibu hii ningeinyamazia mpaka kaburini, lakini binti yangu Wairimu anaisimulia kwa kila mgeni anayefika kwake, tena akiitia chumvi, kwa hiyo heri mnisikilize mimi mwenyewe.

Siku hiyo wazazi wa Mutua, kijana anayemchumbia Wairimu, walikuwa wanakuja kwetu Komarock kwa mara ya kwanza, na mimi asubuhi nikaona niende Kiamaiko nikajichukulie nyama ya mbuzi (ya kuletewa siiamini, mnanijua), nikiendesha lile gari kuukuu la kupanda milima aliloniachia marehemu mume wangu, na tayari nimevaa kitenge kipya ili nikirudi nisihangaike. Kwenda, halikuwa na neno. Kurudi, nilipofika Kariobangi, kila shimo gari likawa linagonga nyuma, ko, ko, ko, kama kuna mtu amefungiwa humo anataka kutoka.

Nikaingia gereji kwa Ochieng, fundi wetu wa miaka yote. Akalipandisha kwa jeki, akaliegemeza kwenye magogo, akachungulia, akaniambia ni shoku ya nyuma, ile inayozuia gari lisirukeruke, nati yake ya juu imelegea, ila imejificha huko juu ya fremu nyuma ya tangi la mafuta, na mkono wake haupiti, kwa hiyo tangi lazima lishuke, na hiyo ni kazi ya kutwa. Nikafikiria wageni, nikafikiria nyama inavyopata joto, nikamwambia mkono wangu ni mwembamba, anipe spana niishike ile nati juu, yeye akaze bolti kutoka chini.

Ochieng hakupenda. Nilishalala chali kwenye katoni (na kitenge changu, ndiyo), nikapenyeza mkono wa kulia juu ya tangi mpaka ukapita kiwiko, nikapapasa, nikaipata nati, naye akakaza mpaka ikakazika kabisa. Kwa muda mfupi nilijiona fundi kamili. Halafu akaniambia nitoe mkono, na mkono haukutoka.

Nikavuta. Nikavuta tena kwa nguvu, kiwiko kikaanza kuvimba, na kadiri kilivyovimba ndivyo pale mahali palivyozidi kuwa padogo. Mimi kazi yangu ni kushona nguo, na mkono huo ndio unaoshika mkasi, kwa hiyo hapo kicheko kiliniisha. Nje, watu walishajaa. Nilikuwa naona miguu tu, na nasikia wakipeana habari kwamba kuna mama ameangukiwa na gari, na mwingine ameanza kuniombea kwa sauti kama niko matangani.

Simu yangu ikalia. Ochieng akaipokea, na kwa kuwa ni mtu mkweli akamwambia Wairimu, "Mathe wako yuko chini ya gari, hatoki." Halafu simu ikaisha chaji. Sasa jiweke mahali pa mtoto wangu, ana wakwe sebuleni, ndio wameketi tu, na anaambiwa hivyo.

Walikuja wote, maana Wairimu aliitambua sauti ya Ochieng, na gereji yake anaijua. Kwanza nilisikia Wairimu akilia, nikamwambia niko mzima, aache kulia. Kisha nikaona viatu vyeusi vya mwanamume vinavyong'aa, na kando yake viatu vya kijani vya mama mtu mzima, nikajua ni akina nani. Nikasema, "Karibuni."

Viatu vya kijani vikavuliwa. Mama Mutua akalala kwenye katoni kando yangu, na nguo yake nzuri ya ugeni, akanitazama vizuri.

"Mkwe, wacha kuvuta. Ukivuta unavimba," akasema. "Mimi nimetoa ndama wengi huko kwetu. Mkono mmoja hautanishinda."

Akaagiza maji baridi na sabuni ya maji. Akanimwagia mkono mzima, akaniambia nilegeze bega, akanigeuza kiganja kidogo kidogo, huku ananisimulia juu ya ng'ombe wake mmoja mkorofi aliyekuwa akipiga ndoo teke, na kabla sijajua ng'ombe huyo aliishia wapi, mkono ukateleza ukatoka. Akaniambia nikunje vidole. Vyote vikakunjika. Nililia pale pale, na yeye akanishika tu bila kuniambia ninyamaze.

Baba Mutua, ambaye Wairimu alinionya ni mwalimu mkuu mstaafu asiyependa mzaha, alinisubiri nisimame, akakohoa, akasema alikuwa amejiandaa kututambulisha familia yake rasmi, ila anaona tumeshatambuana. Hata Ochieng alicheka. Tukaenda Komarock, nyama ikaliwa jioni, mimi na kitenge chenye grisi mgongoni na mkono kwenye beseni la maji baridi, na sijawahi kukaa na wageni nikiwa na amani moyoni namna ile.

Baadaye Ochieng alikata kidirisha kwenye sakafu ya gari, juu kabisa ya ile nati, akakiwekea kifuniko. Sasa inafikiwa kwa urahisi na mtu aliyepiga magoti ndani ya gari, na nimeapa mtu huyo hatakuwa mimi.