Shuka kuukuu lililonitoa woga wa kushika mkasi

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mteja wangu amechelewa na chai bado ni moto, kwa hivyo acha niwasimulie jambo lililonipata. Chumvi sitaongeza, limekolea lenyewe.

Mimi ni fundi wa nguo. Ufundi nilijifunzia Kitale, kwenye kibanda cha mama mmoja tuliyemwita Madam, karibu na Kipsongo. Nimeshona sare za shule, sketi, mapazia, kila kitu.

Ila kukata, sikuwahi.

Madam alinipa mkasi mara nyingi. Kila mara nilipata kisingizio: mkono unauma, mashine inataka mafuta.

Mshono ukienda kombo, unafumua na kuanza upya. Kitambaa kikishakatwa, kimekatwa. Nikisikia mkasi ukikitafuna, niligeukia mashine yangu.

Mwaka jana nikaolewa Bungoma, nikafungua kibanda changu. Sasa Madam wa kunikatia hayupo. Nikawa napokea zipu zilizoharibika na suruali za kupunguza urefu. Mume wangu akanibatiza fundi wa zipu. Nilicheka naye, lakini iliuma.

Halafu akaja Mama Nekesa kutoka Myanga.

Jumamosi wakwe wangeleta ng'ombe za mahari ya binti yake. Alibeba lesi ya buluu, nzuri kama anga baada ya mvua.

"Hii kitambaa dada yangu aliniletea kutoka Kampala kabla afariki," akasema. "Hakuna ingine. Nishonee ya kupokea wakwe."

Nikaanza kumwelekeza kwa fundi wa pale stendi.

"Huyo? Alinishonea ya kanisa, nikashindwa kuinua mkono kumsifu Bwana."

Nikampima. Alipoondoka nikaikunja ile lesi, nikaiweka kwenye rafu, na kila nikiitazama naona uso wa marehemu ambaye hata sikumjua.

Kesho yake nikajiuliza: hasa ninaogopa nini? Naogopa kuharibu kitu kisichorudi. Basi si nianze na kile ambacho hata kikiharibika hakuna atakayelia?

Nikavua shuka letu kuukuu kitandani, la maua yaliyofifia. Nikalikata gauni zima, nikalipiga mshono wa haraka, nikamwita Mama Nekesa aje kujaribu.

Akajitazama kwenye kioo. "Wakwe wakinipata hivi, ng'ombe watarudi nazo."

Kiunoni lilikaa vizuri. Kifuani likagoma kabisa kufunga.

Nikachukua tepu. Nikampima tena. Vipimo vilikuwa sawa na vile vya kwanza, kwa hivyo kosa lilikuwa kwenye kuchora na kukata.

Ndipo nikakumbuka sweta.

Wakuu, Kitale ni baridi. Wateja wetu walikuja na sweta na hakuna aliyekubali kuivua, kwa hivyo tulipima juu yake, na Madam akatufundisha kupunguza inchi mbili za kifua tulipomchorea kitambaa kwa chaki ili akate. Ilishakuwa mazoea, sikufikiri tena. Mama Nekesa alikuja kwangu juani na blauzi nyepesi, nami nikampunguzia vilevile.

Nikamweleza ukweli. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Yaani umenivua sweta ya Kitale, na mimi ni wa Myanga? Haya bana. Sasa kata yangu."

"Leo?"

"Leo. Niko hapa, sitoki."

Nikaitandaza lesi. Nikarudishia inchi zangu mbili, nikaacha na kitambaa cha ziada kwenye mishono. Mkasi ukaingia. Nilikata polepole mwanzoni, kisha nikasahau kuogopa.

Jumamosi jioni simu ikalia. Ilikuwa picha: Mama Nekesa katikati ya wakwe, ndani ya buluu, mikono yote miwili juu kabisa.

Nikakaa mlangoni, nikapumua. Nadhani pumzi hiyo nilikuwa nimeibana tangu Kitale.

Nilichojifunza ni hiki. Woga wangu haukuwa mjinga. Ulijua lesi ni moja. Ningeusikiliza peke yake, ningebaki na zipu. Ningeupuuza, ningemharibia mama wa watu kumbukumbu ya dada yake. Uliponionyesha pa kuwa makini, nikakosea pale ambapo kosa halimlizi mtu, ndipo nikakata.

Lile shuka sasa limebaki vipande. Kila mtindo mpya unalipunguza kidogo, na mume wangu ameacha kuuliza liko wapi.

Nawe unayesoma, ni lesi gani umeiweka kwenye rafu ukiiogopa? Na shuka lako la kuanzia ni lipi? Andikeni hapo chini, mteja wangu bado hajafika.