Alisoma Yote Tuliyomwandika

Asubuhi hii Mama Pacha anamsugua mgongo mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori. Maji ya uvuguvugu yako kwenye beseni, taulo liko begani, na mzee ananung'unika kama kawaida yake.

"We mama, unanisugua au unanichuna?"

"Nakuchuna, mzee. Nikimaliza napeleka ngozi sokoni."

Mzee anacheka mpaka anakohoa. Mama Pacha anamgeuza taratibu upande wa kulia, anamkausha, anampaka mafuta visiginoni, anamvalisha shati. Kisha anavua glavu, anatoa simu ya kazi na kuandika maneno mawili tu: "Nimeogesha. Nimeondoka."

Zamani angeandika mengi. Angeandika kwamba mzee kapungua, kwamba kakataa uji, kwamba leo kaamka na ulimi mrefu. Siku hizi haandiki.

"Kidole kinagoma," anasema, huku akikunja aproni. "Nikitaka kuandika, naona uso wa Bibi."

Mama Pacha, ambaye wenzake wanamwita hivyo kwa sababu ana mabinti mapacha, anahudumia wagonjwa majumbani. Shirika dogo analofanyia kazi linapeleka wahudumu kwa watu wasioweza kuinuka kitandani. Analipwa kwa kila nyumba anayoingia. Nyumba moja ikimfungia mlango, kwake wanakula mara moja badala ya mara mbili.

Hakusomea kazi hii. Aliijua kwa mama mkwe wake, aliyelala kitandani miaka minne. "Yule ndiye alikuwa chuo changu," anasema. "Nikimgeuza vibaya ananizaba kibao. Nikajifunza haraka."

Wahudumu wa shirika hili hawakutani. Mmoja anakuja asubuhi, mwingine jioni, na mlangoni hawapishani. Kwa hiyo kila mgonjwa ana chaneli yake kwenye programu ya mazungumzo ya timu. Anayetoka anaandika alichokiona ili anayeingia asishtuke.

Walikuwa wanaandika bila kuremba. Kidonda kikioza, waliandika kimeoza. Mgonjwa akitukana, waliandika na tusi lenyewe. Na walitaniana humo, tena sana.

"Pale palikuwa jikoni kwetu," anasema Mama Pacha. "Sebuleni unamchekea mgonjwa, jikoni unasema ukweli. Kazi hii usipocheka utalia, na ukilia mbele ya mgonjwa umemmaliza."

Mmoja wa wagonjwa hao ni Bibi. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mpaka uvimbe ulipomlaza. Wahudumu walimpa jina la Malkia, kwa sababu akiwa amelala chali aliweza kuwaendesha watu wazima wawili kwa kidole kimoja. Kona za shuka zikunjwe hivi. Pazia lisogezwe. Siyo huko, huku!

Siku ya kwanza alimtazama Mama Pacha kuanzia juu mpaka chini, akaishika aproni yake kwa ncha za vidole. "Hii alikushonea nani? Adui yako?"

Akaifumua palepale kitandani, akaishona upya kwa mkono. Ndiyo hiyo anayoivaa mpaka leo.

"Nilimpenda yule mama," anasema. "Siyo kwa kazi. Nilimpenda tu."

Matatizo yalianza kwa jambo lililoonekana la heri. Familia za wagonjwa zilikuwa zinalalamika. Ili kuona mhudumu amefika au la, ilibidi ndugu afungue akaunti na kuweka neno la siri, na wengi walilisahau kesho yake. Ofisi ikaamua kurahisisha. Chaneli zote zitaonekana na mtu yeyote mwenye linki, bila akaunti.

Fundi wa kompyuta alitangaza kwenye chaneli ya wahudumu wote. Tangazo lilikuwa fupi. Wahudumu wote wakaweka kidole gumba, alama ya kukubali.

Hapo ndipo pa kuelewa kazi ilivyo. Matangazo ya ofisi huingia mtu akiwa na glavu, mikono imejaa. Usipoweka kidole gumba upesi, msimamizi anapiga simu, na simu hailali mpaka upokee. Kwa hiyo wahudumu walijizoeza kugusa alama ile kwa kifundo cha mkono bila kusoma, ili kelele ziishe.

"Mimi nilikuwa nimeshika nepi," anasema Mama Pacha. "Nikabonyeza, nikaendelea. Sikufika hata mstari wa pili."

Mstari wa pili ulisema kwamba meseji za zamani pia zitaonekana.

Mwenzake wa zamu ya jioni, dada mwembamba anayeongea harakaharaka, yeye aliusoma. "Nilidhani za zamani ni za jana," anasema, na kuangalia pembeni. "Nani angedhani ni zote? Tangu mwanzo?"

Mtoto wa Bibi, ambaye anafanya kazi mbali, alitumiwa linki na ofisi. Alifurahi. Hakuifungua, akamrushia mama yake vilevile ilivyo: "Mama, sasa utaona wanakuja lini. Gusa tu, hakuna kujiandikisha."

Bibi akavaa miwani, akagusa. Akaanza kupandisha skrini juu, na juu, na juu zaidi.

Mama Pacha alipofika siku hiyo, alifunguliwa na mdogo wake Bibi, mama wa makamo anayeishi naye. Mdogo mtu hakumsalimia. Alimpisha tu.

Bibi alikuwa na simu kifuani.

"Mama Pacha, hebu nisomee hapa. Miwani yangu leo ina ukungu."

Mama Pacha akaipokea. Aliyaona maneno yake mwenyewe: "Malkia leo kachafua shuka mara mbili. Harufu haina mfano, anayekuja jioni aje na barakoa na maombi." Chini yake wenzake walikuwa wameweka vikaragosi vya kucheka, vimepangana kama shanga.

Chini zaidi, siku nyingine, yeye tena: "Daktari kasema ni suala la wiki chache. Mwanawe hataki mama aambiwe. Tuendelee kumwambia anapata nafuu."

"Soma kwa sauti," Bibi akasema.

"Bibi, naomba..."

"Soma. Si uliandika mwenyewe?"

Akasoma. Anasema alisoma mpaka mwisho, maana Bibi alikuwa anamwangalia mdomo. Mdogo mtu alisimama mlangoni na kanga yake imeziba uso.

Bibi hakupiga kelele. Hilo ndilo linalomuumiza Mama Pacha mpaka leo. Angetukanwa angepumua.

"Kunuka, nimenuka," Bibi akamwambia. "Mgonjwa hanuki marashi, hilo silikatai. Lakini kila asubuhi ulinishika mkono ukaniambia, Bibi, leo uso una nuru. Ile nuru uliitoa wapi?"

Mama Pacha akaiweka simu kando ya mto.

"Nimekaa hapa nahesabu siku nitakazorudi kwenye cherehani yangu," Bibi akaendelea. "Nimemwambia hata jirani anayenitunzia mashine ile asiiuze. Mtaa mzima unajua nakufa isipokuwa mimi. Toka. Na beseni lako."

Kuhusu mtaa Bibi hakukosea. Ndugu walikuwa wamerushiana linki mpaka ikafika kwa majirani. Mke wa jirani alikuja jioni na uso wa huruma, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Pole jamani, kumbe ni wiki chache tu?" Watoto waliokuwa wanacheza nje walisikika wakimwita Malkia.

Ofisi ilifunga chaneli baada ya siku mbili. Meneja wa shirika, bwana mpole mwenye sauti ya chini, anasema wamesikitika. "Lakini taarifa tulitoa," anasema. "Hakuna aliyepinga. Vidole gumba viko pale, kila mmoja anaweza kuviona."

Mtoto wa Bibi alipiga simu siku ileile. Alimwambia Mama Pacha, "Mmemuua mama yangu kwa simu." Mama Pacha hakumkumbusha ni nani aliyekataza Bibi asiambiwe. Aliona mtoto huyo naye anaungua. Bibi sasa hapokei simu za mwanawe pia.

Tangu hapo Bibi amekataa mhudumu yeyote. Shirika limepeleka wapya wawili, wote wamerudishwa. Anayemwogesha ni mdogo wake, na mdogo mtu mwenyewe kiuno hakimruhusu. Anamfuta usoni na mikononi, basi. Kumgeuza hawezi. Kidonda cha mgongoni, ambacho Mama Pacha alikuwa amekipunguza mpaka kikalingana na kifungo, kimefumuka.

"Sasa hivi unaingiza ngumi," anasema mdogo mtu kwa sauti ya chini, akiwa amesimama nje ya nyumba. "Usiku anauma shuka ili nisimsikie. Namsikia."

Mama Pacha anapita pale kila akitoka kwa mzee wa lori. Anabisha hodi, anajitambulisha, anasubiri. Mdogo mtu anatoka, anatikisa kichwa. Wanaongea kidogo kuhusu dawa ya kusafishia, kisha kila mmoja anashika njia yake.

"Usikate tamaa," mdogo mtu anamwambia leo. "Ukigonga ananyamaza. Ukiondoka ananiuliza, ameshaondoka?"

"Anauliza kwa hasira?"

"Anauliza tu, dada. Mimi nitajuaje."

Mama Pacha anaketi kwenye ngazi ya mlango. Wenzake wanamwambia aachane na nyumba ile, atafute mgonjwa mwingine wa kuziba pengo. Mapacha wake wanamwambia hivyohivyo. Yeye anasema bado.

"Kunisamehe ni juu yake," anasema. "Mimi nataka anifungulie nimgeuze. Kidonda hakijui kama tumegombana. Naogopa nitakuja kuitwa kumwosha siku ambayo hasikii tena maji."

Anatoa simu yake mwenyewe, siyo ya kazi. Anaandika kwa muda mrefu. Anaeleza kuhusu tangazo, nepi, kidole gumba, fundi wa kompyuta. Anasoma alichoandika, anasonya, anafuta chote.

Anaanza upya, na safari hii haifiki hata nusu ya ile ya kwanza:

"Bibi, ni Mama Pacha. Niliandika, na nilikudanganya. Sitakuambia tena una nuru. Najua mgongo unauma, na najua pa kukushika usiumie. Kesho nikija nifungulie nikulaze vizuri."

Anaangalia juu kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichosahau. Halafu anatuma.

Kutoka ndani, nyuma ya ukuta, inasikika simu ikilia mlio mfupi wa meseji. Baada ya muda alama kwenye skrini yake inabadilika. Imesomwa.

Anasubiri pale ngazini mpaka jua linamfikia miguuni. Mlango haufunguliwi. Ana mgonjwa mwingine mtaa wa pili, naye hajaogeshwa.

Anaongeza sauti ya simu mpaka mwisho, anaondoka. Kwa mgonjwa huyo anaiweka dirishani, panaposhika mtandao vizuri, anachota maji na kuanza kazi. Anamaliza kuogesha, anabadilisha shuka, anamwaga maji, anafuta sakafu.

Simu haijalia.